Kikombe cha Mwenyekiti

Kamati ya Usafi wa Kriketi iliutangazia umma kwa furaha kubwa kwamba dawa za kuongeza nguvu zimekomeshwa nchini, na kwamba kuanzia sasa ushindi utatokana na jasho halali na mkojo safi. Kanuni mpya zilibandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha uwanja. Anayegusa mpira siku ya mechi ni mchezaji, na atapimwa. Kushindwa kukojoa ni kukataa. Kumwaga kikombe ni kukiri.

Hakuna aliyezipenda kanuni hizo kama Afisa Shuhuda. Kazi yake ilikuwa kusimama chooni na kuhakikisha kwa macho yake mawili kwamba mkojo umetoka pale unapopaswa kutoka. Alivaa tai. Suruali aliipiga pasi mpaka mkunjo wake ungekata nyanya.

"Baba Pacha," mkewe alimwuliza, "majirani wakitaka kujua kazi yako niseme nini?"

"Sema nalinda heshima ya taifa."

"Kwa kuchungulia?"

"Kwa kushuhudia."

Basi siku moja Radi, mrusha mpira ambaye wapigaji walikuwa wakimwota vibaya, hakucheza. Goti lilimsumbua, akakaa pembeni na taulo begani. Mpira ukavuka mstari, ukabiringika hadi miguuni pake, naye akaurudisha kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Afisa Shuhuda akaona. Akamfuata na kikombe.

"Mzee wangu, geuka kidogo basi," Radi akasema huko chooni.

"Kanuni hairuhusu kisogo."

"Ukinikodolea hivyo hata machozi hayatoki!"

Bomba likafunguliwa lichuruzike, labda lingemkumbusha. Radi akanywa maji mpaka tumbo likacheza maji kama mtungi unaobebwa. Wapi! Mlinzi alipokuja na funguo zake kufunga uwanja, Afisa Shuhuda akaandika kwa hati nzuri: Amekataa.

Radi akafungiwa miaka miwili. Kwa goti lile, miaka miwili ilikuwa sawa na kuzikwa. Fainali iliyokuwa inakuja ndiyo ingekuwa yake ya mwisho.

Kwenye rufaa alikuja mama yake, mwavuli mkononi. "Waheshimiwa, mwanangu hakojoi mbele ya watu. Nilimfundisha mwenyewe, kwa fimbo. Leo adabu imekuwa dawa?"

Mwenyekiti wa Kamati alitoa mfukoni kichupa chake cha dawa ya kikohozi, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa. Akapiga funda moja, macho yakang'aa, akaigonga meza hadi glasi zikaruka. "Mama, adabu iliyozidi ni dalili! Rufaa imetupwa!"

Afisa Shuhuda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sheria ni msumeno.

Siku ya fainali ikafika. Kabla timu hazijatajwa, Mwenyekiti alishuka uwanjani kufungua mchezo kwa kurusha mpira wa heshima. Ulikwenda hatua chache, ukachoka, ukalala. Watu wakapiga makofi. Afisa Shuhuda hakupiga. Alinyoosha tai yake, akachukua kikombe.

"Unataka nini wewe?" Mwenyekiti akauliza.

"Sampuli, mheshimiwa."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni mchezaji."

Wapiga picha walikuwa wameshageuka kutazama, kwa hiyo Mwenyekiti akacheka, akaingia chooni kama anayekwenda kutoa mfano. Akafungua mkanda. Akangoja. Kicheko kikaisha.

"Geuka."

"Kanuni hairuhusu kisogo."

Bomba likafunguliwa. Nje, mama yake Radi alikuwa ameegemea mwavuli wake mlangoni. "Bado tu?" akauliza. "Kumbe naye kalelewa vizuri!"

Jasho likamtiririka Mwenyekiti, jasho tu. "Nikishindwa je?"

"Miaka miwili, mheshimiwa. Hata kile kiti chako cha mbele hutakikalia."

Wajumbe wa Kamati wakaitwa mbio. Kikao cha dharura kikafanyika palepale, wajumbe wakibanana kati ya masinki, mmoja akiwa juu ya ndoo. Kwa kauli moja wakaamua: kushindwa si kukataa.

"Kuanzia leo?" akauliza Afisa Shuhuda, ambaye hakupenda mambo yaning'inie.

"Kuanzia kwa mwanangu!" sauti ikapenya mlangoni.

"Kuanzia kwake, kuanzia kwa babu yake, vyovyote vile!" Mwenyekiti akafoka. "Tokeni!"

Radi akaingia uwanjani akifunga kamba za viatu, na mayowe ya watu yakatikisa vioo vya choo. Huko ndani Mwenyekiti akashusha pumzi. Mwili ukalegea. Na kama bomba la mtaa lililorudishiwa maji, mkojo ukaja wote, ukajaza kikombe pomoni.

Ndipo mkono wake ukagusa kichupa mfukoni.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, naye hakuwahi kumwita mtu hivyo, "mwaga hicho."

"Kumwaga ni kukiri, mheshimiwa. Hicho kifungu kikao hakikukigusa."

Afisa Shuhuda akakaza kifuniko, akakifuta kwa leso. Kisha, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umekamilika na kanuni haikuwa na kinyongo tena, akampa kisogo.