Jogoo wa Mama na Mabati ya Kanisa

Ijumaa, 4 Juni 1976
Kikao cha wazee wa kanisa. Mchungaji kasema nyasi za paa zimeoza, mvua zijazo tutasali na miavuli. Mabati yatatokana na mnada wa mavuno, Jumapili. Sadoki wa duka la ushirika akadakia kwamba analeta kondoo. Wote wakamtazama yeye. Nami nikasema nina kitu kikubwa zaidi. Kitu gani, sijui. Mahindi yangu yameliwa na nguruwe pori.

Nimepata. Jogoo wa mama. Mnada wetu unajulikana: ukinunua kitu, unakirudisha mezani kiuzwe tena, na tena, mpaka watu wachoke. Nitasubiri wachoke, nimnunue mimi wa mwisho, nirudi naye. Mama miguu haimfikishi kanisani, na macho yamekwisha. Huyo jogoo ndiye anayemwambia kumekucha, aanze sala zake. Jumatatu atawika kama kawaida. Hana haja ya kujua.

Jumapili, 6 Juni
Jogoo kawika katikati ya mahubiri. Nikaona vizuri, anajitangaza. Mnadani akanunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa, akarudishwa. Kondoo wa Sadoki alinunuliwa mara moja tu, na aliyemnunua akaondoka naye.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamwambia Sadoki, watu wote wakisikia, kwamba jogoo wangu amemshinda kondoo wake. Akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha tena. Mfuko wangu ukaisha, wake bado. Akamchukua jogoo na kumzawadia Mchungaji. Vigelegele kanisa zima. Nami nikapiga makofi, ningefanyaje.

Jumatatu, 7 Juni
Nimekwenda kwa Mchungaji na boga kubwa, nia yangu tubadilishane. Nimechelewa. Amri, dereva wa Tunduma atakayetubebea mabati kwa lori lake, ndiye mgeni wake, na kwa kuwa ni Mwislamu alikuwa ameshamchinja jogoo kwa mkono wake. Wakanikaribisha mezani. Nikapewa firigisi, heshima ya mzee mwenye jogoo. Nikaila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumbani mama kauliza mbona leo jua limemkuta kitandani. Nimemwambia jogoo ana mafua.

Jumatano, 9 Juni
Alfajiri nimesimama nyuma ya jiko nikawika. Kwa maoni yangu nimewika vizuri. Mama kaniita kwa jina. Mbonile baba, kasema, acha, utaumia koo. Kumbe anajua tangu Jumapili, mke wangu Jenista alimwambia. Na mafua yangu yote aliyasikiliza kimya.

Hakunigombeza. Kasema kama ni kwa nyumba ya Mungu, basi. Ila siku hizi halali, anaogopa kupitwa na saa ya sala, maana kwake usiku na mchana ni giza lile lile. Kaomba kifaranga tu, akikua atamwikia. Nikatoka nje nikalia kama mtoto. Nimemwibia mama asubuhi yake, na firigisi nikala. Najuta. Nimeapa sitagusa tena kitu cha mtu bila kumwomba.

Jumamosi, 12 Juni
Amri kaleta mabati. Yanang'aa mpaka unafumba macho. Lakini hayatoshi, upande wanaokaa akina mama utabaki na nyasi. Mchungaji katangaza mnada mwingine kesho. Sadoki kadakia, analeta kondoo jike na mwanawe. Wote wakamtazama yeye.

Nami nikasema nina kitu kikubwa zaidi.

Kifaranga cha mama nitakitafuta wiki ijayo, nimemwambia avumilie. Mbuzi wa Jenista nimeshamfunga kamba. Jenista mwenyewe yuko Isongole kwa dada yake, harudi mpaka Jumatatu. Kosa la safari ile lilikuwa kumchokoza Sadoki mapema. Safari hii nitakaa kimya, wachoke, nimnunue mimi wa mwisho. Jumatatu atamkuta mbuzi wake zizini. Hana haja ya kujua.