Mmomonyoko Dhidi ya Wapishi wa Meli

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu ametangaza msimu wa maigizo wa mwaka huu. Nafasi tatu tu jukwaani. Ya kwanza ni kichekesho cha mahakamani, wamepewa kidato cha pili. Ya pili ni mchezo wa mashujaa, wameuchukua kidato cha nne. Ya tatu, ile kubwa ya kufunga mwaka mbele ya wazazi na mgeni rasmi, iko wazi.

Moyo ulinidunda. Nafasi ile ni yangu! Nimefundisha jiografia hapa hadi ramani zimechakaa ukutani, na likizo zote nimekuwa nikiandika tamthilia. Inaitwa Mmomonyoko. Mfalme anakata miti, udongo unakwenda na maji, mfalme anakwenda na udongo. Kilio mwanzo hadi mwisho. Mke wangu alianza kuisoma akalala ukurasa wa nne, lakini alikuwa ametoka zamu hospitalini. Haihesabiki.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu wa muziki naye akanyoosha! Filimbi! Wanafunzi wamempa jina hilo kwa sababu filimbi haimtoki mfukoni mwa shati. Eti ana mchezo wa nyimbo, Wapishi wa Meli. Wapishi wanagoma baharini, wanaimba, wanapatana, wanaimba tena. Upuuzi mtupu. Walimu wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu kasema kila mmoja aonyeshe kipande kifupi Ijumaa, naye ataamua palepale. Filimbi akanipa mkono na kunitakia kila la heri. Nilitabasamu. Mashavu yaliniuma hadi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta waigizaji. Wamekuja watano. Wawili walidhani ni masomo ya ziada ya jiografia, wakaona aibu kuondoka. Mfalme nimempata: mrefu, mpole, anasahau hata nilichomwambia sasa hivi.

Nikapita ukumbini, kwa bahati tu, mara tatu. Umejaa! Wanafunzi hadi madirishani. Na katikati ya jukwaa, kofia ya mpishi kichwani, amesimama nani? Binti yangu! Huyu huyu aliyeniambia anakwenda klabu ya hisabati. Huyu ambaye nyumbani ukimuuliza jambo anajibu "sijui" huku akitafuna.

Alikuwa anaimba. Nikajibanza nyuma ya mlango. Sikujua ana sauti ile. Sikujua kabisa. Vinyweleo vilinisimama.

Nikajikaza. Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu kwamba tuna msaliti ndani. Akasema anajua tangu wiki iliyopita. Mtoto aliogopa nitanuna. Nikamwambia mimi si mtu wa kununa. Nikanuna mpaka vyombo vikaoshwa.

Kisha wazo likanijia. Nyimbo zote zile zinabebwa na kinanda. Kinanda kinabebwa na umeme. Umeme unapita kwenye waya mmoja mweusi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuchukua. Sikuiba, nimeuhifadhi mahali pengine.

Ilikuwa mapumziko ya chai. Ukumbi mtupu. Kabati la vyombo vya muziki liko wazi kidogo. Nikasikia nyayo nje! Nikasimama nyuma ya pazia, roho mkononi. Nyayo zikapita. Nikauzungusha waya kiunoni, nikafunga koti, nikatoka huku natembea kama mtu aliyeumia mgongo.

Getini mlinzi akaniuliza kama mvua itanyesha. Ananiuliza kila siku, eti mimi ndiye mwenye kipimo cha mvua. Nikamjibu haitanyesha. Ikanyesha papo hapo.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mluzi ukakatika mlangoni. Binti alikuwa mezani, uso umevimba kwa kulia. Mama yake amemshika bega. Kumbe Filimbi alimkabidhi yeye ufunguo wa kabati! Ni yeye aliyesahau kulifunga. Mwalimu mkuu amesema mali ya shule haipotei hivi hivi: waya usipoonekana, Ijumaa hapandi jukwaani, na kundini atatolewa. Wenzake nao wameanza kumnunia.

Mke wangu akaniuliza mbona nimesimama na koti wakati nyumbani kuna joto. Nikasema nina baridi. Akanigusa paji la uso kwa mkono wa kiuguzi. Akasema sina homa, lakini nina jambo.

Alhamisi, 6 Machi

Nilidamka mapema niurudishe waya kabla ya watu. Nani yupo ukumbini? Wote! Filimbi yuko magotini anapekua chini ya viti. Wanafunzi wametapakaa kila pembe. Binti yangu anatoka chini ya jukwaa, kajaa utando wa buibui nywele nzima.

Mwalimu mkuu akaniona mlangoni. Akasema afadhali, huyu ni mtu makini. Akaniteua kiongozi wa msako! Nimeongoza msako siku nzima nikiwa na tunachosaka kiunoni. Nimeagiza watu wapekue stoo, maktaba, hata jiko. Kijasho chembamba hakikunikauka. Kila nilipoinama plagi ilinichoma ubavuni.

Jioni Filimbi akanishika mkono. Akasema, "Ndugu yangu, wewe ni mpinzani wetu, na bado umehangaika hivi kwa ajili ya mtoto. Sitasahau." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumwambia ukweli, wallahi nilitaka. Nikamwambia pole.

Mezani binti hakula. Aligeuzageuza chakula tu. Nikafungua kinywa niseme. Wote wawili wakaniangalia. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Hata sijui nianzie wapi.

Mmomonyoko ulitangulia. Niliagiza udongo wa kweli, magunia manne, kwa sababu huwezi kuigiza mmomonyoko kwa karatasi. Mfalme alitoka, akainua mkono, akasahau kila kitu. Akabaki ameinua mkono. Waziri wake akaogopa, akamwaga udongo kabla ya wakati. Vumbi! Mwalimu mkuu alipiga chafya mpaka miwani ikamdondoka. Pazia likafungwa kwa huruma.

Wakati wanafunzi wanasafisha, nikaona ndiyo nafasi yangu. Pembeni mwa jukwaa kuna mlango mdogo wa kuingilia chini. Nikaingia kwa kutambaa. Nia yangu: niuache waya mahali pa wazi, kisha nimtume mtu akautafute. Nikautoa kiunoni, nikauvaa shingoni ili niweze kutambaa. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Giza! Waliosafisha wamerundika magunia ya udongo mlangoni. Udongo wangu mwenyewe! Nikasukuma. Wapi.

Juu ya kichwa changu nikasikia mwalimu mkuu anauliza kama waya umepatikana. Mtu akajibu bado. Akasema basi, neno lake ni lile lile, binti ashuke. Nikasikia viatu vya mwanangu vinatembea taratibu kuelekea ngazi. Navijua, nilimnunulia mimi. Kila hatua ilitua kifuani kwangu.

Kisha sauti ya Filimbi, wala hakuipandisha. "Mwalimu mkuu, mimi ndiye niliyempa mtoto kazi ya mtu mzima. Akishuka yeye, nashuka na mimi."

Minong'ono ikapita ukumbini. Hatimaye mwalimu mkuu akauliza wataimbaje bila kinanda. Mtu akagonga sufuria kwa mwiko. Mwingine akapokea kwa kifuniko. Miguu ikaanza kutwanga mbao, vumbi likanimwagikia usoni, na juu ya kelele zote zile akaanza kuimba mwanangu. Peke yake kwanza. Sauti ilitetemeka neno la kwanza na la pili, ikasimama, kisha ikapanda. Nililala chali gizani nikalia. Nasema ni vumbi. Lakini nililia.

Makofi yalipolipuka, nikakohoa. Mtu akasema kuna mnyama chini. Wakafungua kifuniko cha sakafuni, na mwanga ukanipiga machoni. Filimbi alikuwa ananichungulia. Nikainuka katikati ya jukwaa, udongo mwili mzima, waya umening'inia shingoni.

Nikasema, "Nimeupata!"

Ukumbi mzima ukashangilia! Mwalimu mkuu akasema huo ndio moyo wa mwalimu, kutambaa vumbini kwa ajili ya mpinzani wake. Filimbi akanikumbatia. Kisha akatangazwa mshindi. Wanafunzi wakaruka, wakabebana.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Alisimama na kofia ya mpishi mkononi, ananitazama.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akasimama.

"Baba, jana chini ya jukwaa nilitafuta mimi. Kila mahali. Kwa mikono yangu."

Nikasema pengine giza.

"Baba."

Gari likapita, likafuata jingine.

"Nililia siku mbili, Baba. Ulikuwa unaniona."

Nikamwambia sikujua kama ufunguo anao yeye. Akaniuliza kama ningejua Jumanne, ningeacha? Nilitaka kujibu haraka. Jibu halikutoka haraka. Akaliona hilo. Akafuta macho kwa ile kofia.

"Utamwambia mwalimu mkuu wewe, au nimwambie mimi?"

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Binti alikuja nami ofisini, akasimama kando ya kiti changu. Filimbi naye aliitwa. Nikaanza kwa kusema waya ulijikuta kwangu. Binti akakohoa. Nikasema niliuchukua ili kuukagua. Akakohoa tena. Nikausema ukweli wote, tangu kabati hadi magunia.

Mwalimu mkuu alivua miwani. Mimi napenda zaidi watu wakifoka. Hakufoka. Alimgeukia binti yangu, akamwomba radhi mbele yangu, na kusema Jumatatu atamwomba tena mbele ya wenzake wote. Kisha akanihukumu: msimu mzima nitavuta pazia na kufagia jukwaa, na neno mmomonyoko nisilitamke nje ya darasa.

Filimbi akasema ningemwomba tu, angenitafutia mfalme mwenye kumbukumbu. Hakunipa mkono.

Mke wangu hakusema nami hadi alasiri. Binti ndiye aliyeniletea chai. Akaniwekea sharti moja: nisiguse kitu. Nikaapa. Nikamwambia kwamba nilimsikia akiimba, na kwamba nilishindwa kupumua. Akauliza ni sauti au ni vumbi. Nikasema ni sauti. Akatabasamu kidogo sana, upande mmoja.

Nimekuwa mtu mpya. Hila basi!

Jumatatu, 10 Machi

Msimu umebandikwa ubaoni. Wapishi wa Meli watafunga mwaka. Nimevuta pazia kwenye zoezi la kwanza, vizuri sana, nadhani watu wengi waliona.

Filimbi ametangaza kwamba kapteni wa meli anatakiwa awe mtu mzima, mwenye kitambi na mamlaka. Anaimba wimbo mmoja, mwishoni, bega kwa bega na mpishi mkuu. Yaani na mwanangu. Mbele ya wazazi wote!

Mwalimu wa maktaba kajitolea kabla sijaachia kamba ya pazia. Mtu mwenye sauti kama bawaba yenye kutu! Atamharibia mtoto wimbo. Majaribio ni Jumatano baada ya masomo, asiyefika hana nafasi.

Sijagusa kitu. Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Nimepita tu maktaba nikamnong'oneza mwenzangu kwamba Jumatano mchana wakaguzi wanakuja kuhesabu vitabu vyote, na wanamtaka awepo yeye mwenyewe hadi jioni. Alinishukuru sana, karibu alie. Hiyo si hila. Ni taarifa tu ambayo bado haijawa kweli.