Mshikio wa Mkebe wa Mama Chebet

Jameni, leo nimejiaibisha. Tena mbele ya mtu mmoja tu niliyetaka anione wa maana: mama yake Chebet.

Chebet ni mpenzi wangu. Jumamosi hii wazee wetu walikuwa waende kwao Rongai kujuana rasmi. (Angalieni hilo "walikuwa".) Juzi mama yake alipiga simu. Mkebe wake wa maziwa, ule wa alumini alioachiwa na marehemu mumewe, uling'oka mshikio. Nikamwambia lete tu, mama, hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu!

Karakana yetu hapa Nakuru ina mashine mpya ya kuchomelea kwa leza. Bosi wangu, Mzee Balbir, ana sheria moja: kabla ya kugusa mali ya mteja, chomelea vipande chakavu vya aina ileile, kisha uvipige nyundo. Leo asubuhi alinikuta na ule mkebe, ulioletwa jana, na mshikio mpya wa chuma cha stenlesi.

"Wewe, hizi mbili hazipatani. Zikiyeyuka pamoja, hapo katikati inakuwa kama glasi, inavunjika upesi. Weka ribiti tu, vile vipini vya kugongwa."

"Sawa, mzee."

(Ribiti! Mama mkwe nimpe kazi ya kizamani?)

Alipotoka kidogo, nikawasha leza moja kwa moja kwenye mkebe. Ikaacha mstari laini, unang'aa, mzuri kuliko kazi yangu yoyote. Nikachukua nyundo nijaribu. Nikairudisha chini. Roho ilikataa kugonga kitu kizuri hivyo. Badala yake nikapiga picha, nikaiweka kwenye status: "Kazi safi."

Saa nne mama akafika, amevalia viatu vyake vya kanisa, na maziwa ya wateja wake wa Kiamunyi yako kwa jerikeni ya kuazima.

"Imeshika?"

"Mama, hiyo haiwezi toka tena!"

Akamimina maziwa yote kwenye mkebe. Mzee Balbir naye akaingia. Akautazama mkebe, akanitazama mimi.

"Ulipiga nyundo?"

Nikajifanya sijasikia. Nikauinua mkebe kwa mkono mmoja, juu kabisa, huku natabasamu.

Kak!

Mshikio nikabaki nao mkononi. Mkebe ukaanguka, kifuniko kikaruka, maziwa yakamwagikia viatu vya kanisa na kutiririka hadi chini ya mashine. Nikabaki nimesimama, mkono bado uko juu. (Lile tabasamu nalo lilichelewa kutoka.)

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinama, akapapasa ubavu wa mkebe pale ulipobonyea, mkebe wa mumewe. Kisha akamgeukia bosi.

"Mzee, kwani hiyo ya nyundo ni nini?"

"Mama, vitu viwili tofauti, kabla uunganishe, lazima ujaribu kwanza."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Basi hiyo Jumamosi tungoje kidogo. Hata sisi tujaribu kwanza."

Ninajuta, jameni. Maziwa nitalipa. Mkebe Mzee Balbir ameunyoosha na kuupiga ribiti, nusu saa tu, na umeshika. Lakini pale ulipobonyea panaonekana bado, na uso wa yule mama sijui nitautoaje akilini.

Ile status nimeifuta. Nimechelewa. Chebet aliiona akiwa kazini, akanitumia moyo mwekundu na swali: "Mama amependa?"

Msicheke. Nisaidieni jibu.