Chupa Nzima ya Harufu ya Nondo Jike

Jumatatu, 7 Aprili
Mkuu wa maabara katangaza: kitengo kipya cha wadudu kinataka kiongozi. Ni mimi au Miwani, jirani yangu wa meza, anayepima hata sukari ya chai. Kila mmoja atege shamba lake la mahindi kwa harufu ya nondo jike. Dume akinusa, mbio, puu! mtegoni. Jike anakosa mume, viwavi hakuna. Atakayenasa madume wengi ndiye bosi. Miaka yote hii nahangaika na wadudu, na bado naitwa “yule wa nondo”! Safari hii hapana.

Jumanne, 8 Aprili
Kipimo ni tone moja kila mtego. Uchoyo huo! Miwani anadondosha huku ulimi nje. Nikangoja ageuke, nikamimina chupa nzima kwenye mitego yangu. Glavu? Za nini? Mikono nikaifutia kwenye shati. Nyumbani nikamwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa bosi. Akasema kwanza nikatupe takataka.

Jumatano, 9 Aprili
Balaa! Mitego ya Miwani imefurika. Yangu ina nondo mmoja, naye nadhani alipotea njia. Harufu imetapakaa shamba zima, madume wanazunguka kama walevi. Wengine wamenifuata mpaka nyumbani! Shatini, kwenye pazia, ndani ya sufuria. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Eti tangu tuoane hajaona nikigombaniwa hivi. Miwani naye kanipa pole. Pole ile imeniuma!

Jumatatu, 14 Aprili
Nilienda na uso wa msiba. Mkuu kaniita shambani, kageuza majani yangu: hakuna hata yai moja! Kwa Miwani mitego imejaa, lakini madume waliobaki nje wametosha: mayai tele. Kumbe kwangu harufu ilizidi, madume wakashindwa kuwapata majike. Hakuna aliyeoa! Mkuu akauliza niliwazaje mbinu kubwa hivyo. Nikasema ni utafiti wa muda mrefu. Akasema mayai ndiyo hesabu, si madume; kitengo nimepewa papo hapo! Nimeruka mfereji kwa furaha, nikatumbukia, nikatoka nacheka. Hata Miwani kanipa mkono, nikampenda ghafla.

Jumanne, 15 Aprili
Bosi mimi! Mkuu kauliza nilitumia kiasi gani, wakulima wanangoja. Nikamwambia ni hesabu ngumu.

Ila ofisi yake ina madirisha mawili, yangu haina hata moja. Na stoo kuna chupa ya harufu ya kukusanya mende. Mende wakijaa ofisini mwake, atamwita nani? Mtaalamu! Nitawatoa, naye kwa shukrani tutabadilishana vyumba. Chupa nimeshaitia mfukoni. Kifuniko kimelegea kidogo, lakini si neno.