Shemeji Anazima Gari

Kwa Mama Mkwe ninayekuheshimu sana,

Shikamoo. Naamini jiko lako limekauka tangu mafuriko yale, na godoro limerudi ndani. Uniwie radhi kwa kutofika kukupa pole. Kazi za kampeni zimenibana. Kama ujuavyo, mimi ndiye mwenyekiti wa kampeni ya "Anza na Wewe", inayomkumbusha kila mtu wajibu wake binafsi katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Nakuandikia kumlalamikia mwanao, shemeji yangu, uliyemwombea kwangu kazi ya udereva nami nikampa kwa moyo mweupe.

1. Anazima gari. Ninapohutubia ukumbini, kazi ya dereva inajulikana: abaki nje, injini ingurume, kiyoyozi kipulize, ili nikitoka nikute ubaridi. Madereva wote wa wakubwa hufanya hivyo. Mwanao huzima, akashusha vioo, akajikalia kivulini kusoma vipeperushi vyangu. Nikiingia, kiti kinanibabua.

2. Anavisoma vipeperushi hadi mwisho. Mama, vile ni vya kugawa.

3. Ameambukiza wenzake. Juzi mkutano ulipoisha tulikuta magari yote yamezimwa, na waheshimiwa, watu wazima na suti zao, wakabaki wanajipepea kwa nakala za hotuba yangu. Walinitazama kama vile mimi ndiye niliyewasha jua.

4. Amemharibu dada yake. Sasa mke wangu, nikichukua ufunguo wa gari niende dukani, ananionyesha miguu yangu. Na duka lenyewe liko mbali, lazima uvuke barabara.

5. Hili ndilo lililoniuma. Mbele ya wafanyakazi wote aliniuliza, tena kwa adabu, kama maji yaliyoingia kwako hayahusiani hata kidogo na moshi wa gari letu. Nikamjibu kitaalamu kwamba gari moja si kitu mbele ya viwanda vya dunia nzima. Akauliza, basi mbona kampeni haiitwi "Anza na Wao"? Watu walicheka, Mama. Nimekereka hadi leo.

Mimi sikatai wajibu binafsi. Wangu nimeutimiza kwa kuwaambia wengine wautimize wao. Mtu hawezi kubeba ujumbe na papo hapo kuutekeleza; mikono yenyewe ni miwili. Nakuomba umkalishe chini mwanao umweleze kwamba "wewe" katika kampeni yetu ni wananchi. Kwa sasa nimempa likizo isiyo na mwisho, aje akusaidie kutoa matope, na nimepata dereva anayejua kazi.

Nisalimie shangazi, majirani wote, na yule jogoo kama aliokoka.

Mkweo mtiifu,
Mwenyekiti, Kampeni ya Anza na Wewe

Nyongeza: Dereva mpya ni hodari kweli. Aliacha injini ikinguruma tangu nilipoanza hotuba hadi nilipomaliza, nikakuta ubaridi mtamu. Tukaondoka kuja kwako, hatimaye, kukupa pole. Mafuta yametuishia njiani, jua linachoma, na dereva ameondoka na dumu, hajarudi. Barua hii nampa mama muuza maziwa anayekuja upande wako. Shemeji hapokei simu yangu, ameniandikia ujumbe tu kwamba yuko likizo. Tafadhali Mama, mwombe aje na baiskeli, ile yenye kiti cha nyuma. Mwambie kazi yake ipo, na gari nimeshalizima.