Kikaango, Mwiko na Bwana Dressel

Volkmar Dressel alishauza kila kitu kwenye televisheni isipokuwa mama yake, na hilo ni kwa sababu hakuna aliyepiga simu kumwulizia. Lakini sasa kitumbua kilikuwa kinaingia mchanga. Mkurugenzi wake, Bi Ortrud Kanz, alimwambia waziwazi: "Vikaango vyako vikibaki ghalani Jumatatu, Volkmar, na wewe utabaki nyumbani."

Jumapili hiyo alikuwa akizurura soko la samaki la Hamburg, mkate uliotiwa samaki mkononi, akijionea huruma, ndipo aliposikia sauti. Juu ya gari la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliokaushwa kwa moshi, alisimama Bi Gesche Harms, akinadi.

"Mkunga mmoja! Hatoshi? Naongeza wa pili! Bado umenuna? Shika na wa tatu, umpelekee mkweo afunge mdomo!"

Waliocheka ndio hao hao waliotoa pochi. Tamaa ikamshika Volkmar. Kila kipindi chake kilihitaji mteja wa kupiga simu na kusifu bidhaa, na wateja wa kweli, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walikuwa hawasifu.

"Bi Gesche, kesho unipigie simu kipindini. Useme kikaango changu hakishiki chakula."

"Kikaango chako? Ninacho, mwanangu. Kinashika hata maji."

"Hilo si lazima ulitaje."

"Huko studio kuna joto?"

"Joto, mama? Tunatoka jasho!"

Bi Gesche akaviangalia viatu vyake vya mpira, vilivyozama kwenye barafu ya samaki. "Haya. Nitapiga."

Mjanja wetu akaondoka akipiga mluzi. Alijiona amempata mtu kwa maneno matamu tu.

Kesho yake, mbele ya taifa zima lililokaa na kahawa yake, Volkmar akavunja yai. Yai likaganda. Akakitikisa kikaango, yai likang'ang'ania kama yeye alivyong'ang'ania ajira. Akatoa lile tabasamu lake la meno yote.

"Tuna mpigaji! Bi Gesche, tuambie!"

"Jamani, mtazameni!" sauti ikavuma. "Yai limemshinda! Kikaango kinashika, siwafichi. Lakini ni kizito, kitakufaa kuvunjia lozi na kumtishia mume! Hakitoshi? Naongeza mwiko wa kukwangulia! Bado mmenuna? Wa kwanza kupiga simu anapata na tai ya huyo bwana!"

Simu zikaanza kulia kila upande. Volkmar akatupa jicho pembeni: Bi Ortrud alikuwa akimwonyesha shingo kwa kidole, avue. Akavua.

"Bado? Basi naongeza bwana mwenyewe! Kila anayenunua leo, Bwana Dressel atamfuata nyumbani kumkaangia yai!"

Ghala likaisha, hadi vikaango vilivyopinda.

Na ukimwahidi bibi wa Kijerumani kitu mbele ya kamera, afadhali ukitimize kuliko kujibu simu zake. Kwa hiyo Volkmar hakufukuzwa. Kiti chake alipewa Bi Gesche, na Volkmar mwenyewe akawa nyongeza.

"Asante, mwanangu," Bi Gesche alimwambia, akinyoosha miguu chini ya taa. "Hukudanganya. Kuna joto kweli."

Mlango wa kwanza aliobisha Volkmar ulifunguliwa na mzee Alwin Kruse, mstaafu, aliyevaa tai ya Volkmar juu ya fulana.

"Umechelewa, bwana. Nina njaa."

Volkmar akavunja yai. Wakaliangalia wote wawili.

"Kinashika," mzee akasema.

"Kinashika," Volkmar akakiri. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mbele ya mteja, na uso ulimwaka kwa aibu, kisha akajikuta anacheka mpaka machozi. Mzee akampa mwiko.

Sebuleni televisheni ilikuwa imewashwa. Bi Gesche alikuwa amefika kwenye mashuka.

"Mashuka manne! Hayatoshi? Bado mmenuna? Haya, naongeza Bwana Dressel aje kuyapiga pasi!"

Mzee Alwin akaweka uma chini, akanyoosha mkono kwenye simu.