Mkata Majina wa Kiwanda cha Matofali

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Vumbi. Joto. Nina mpango!

Mkuu wa jumba la kumbukumbu la kiwanda chetu amestaafu. Kiti chake ki kitupu, na wanaokitolea macho ni wawili: mimi na Ngalula. Yeye ni mama kutoka mkoa wa Kasai, msomi, amekuja kazini miaka minne baada yangu, na Kifaransa chake kinapita puani. Mimi nina makaratasi: kadi elfu tatu za wafanyakazi, tangu 1931. Yeye ana chumba cha nyuma. Humo mna nini? Picha za vioo. Kanda za sauti. Ramani za mashimo ya udongo. Eksirei za vifua vya watu. Hata matofali. Matofali! Nilimwuliza tangu lini tofali likawa kumbukumbu. Akajibu kwamba kitu chochote alichokishika mtu kinaweza kueleza habari zake. Nilicheka mpaka koo likauma.

Halafu chumba chake kina dirisha. Changu hakina.

Basi, mpango. Serikali imefuta majina ya ubatizo. Mimi nilikuwa Émile, sasa ni Kapya. Yeye alikuwa Victorine. Lakini kadi zangu bado zimejaa akina Adrien na Polycarpe, juu kabisa, kona ya kushoto, kwa wino mwekundu. Aibu tupu. Nitazikata kona zote! Citoyen Directeur Kasonde, mkurugenzi wetu (siku hizi sote ni Citoyen, yaani raia), ataona kwamba kiwandani hakuna mwanamapinduzi kama mimi.

Jumanne, 5 Septemba

Makasi kutwa nzima. Malengelenge vidoleni. Kona zote nimezijaza katika gunia na kuzipeleka mwenyewe kwenye tanuru. Musonda, msimamizi wa moto, aliuliza ni nini. Nikamwambia ni ukoloni. Akafungua mlango, nikatupa.

Nyuma ya kila kona ilikuwa imebanwa picha ndogo ya mwenye kadi. Hilo nililigundua nilipofika kona ya elfu moja hivi. Nikaona si vizuri kuacha kazi katikati.

Jambo jingine, dogo. Kadi zilipangwa kwa hayo majina ya ubatizo: Adrien kwenye A, Polycarpe kwenye P. Sasa hazijapangwa kwa chochote. Nimezitia katika makatoni na kuyafunga kamba. Citoyen Directeur alipita, akatazama makatoni, akasema pamekuwa pasafi. Pasafi! Nimekula samaki wawili kwa furaha.

Jumatano, 6 Septemba

Papa Mwape amekuja ofisini. Huyu ndiye mzee ninayekaa kwake. Nyumba ni ya kampuni, iko kambini, nami nina chumba cha uani. Alifyatua matofali humu kiwandani mpaka alipostaafu, na sasa kamati ya nyumba imetoa amri: aliyefanya kazi miaka ishirini abaki, aliyepungukiwa ahame. Kamati inakaa keshokutwa. Anahitaji kadi yake tu.

"Kapya mwana yangu," alisema, "unitafutie ile karte yangu. Kama haiko, batatufukuza mu nyumba."

Nilimwambia aketi, dakika tano. Nilifungua makatoni. Akina Mwape wako thelathini na wanane. Hawana nyuso. Hawana majina ya mbele. Nikamwuliza namba yake ya kazi, naye akaitaja bila kufikiri: 2217. Afadhali! Kisha nikakumbuka namba zilikuwa wapi. Konani.

Nikamwuliza alizaliwa lini. Akasema mwaka wa nzige. Kadi kumi na nne zinasema "kama 1910".

Nimemwambia arudi kesho. Papa akinishukuru, mimi natoka jasho.

Alhamisi, 7 Septemba

Mpango mpya, na mzuri kuliko ule wa kwanza. Mwape ni Mwape. Nilichagua aliye bora kati ya wale thelathini na wanane: fundi hodari, ameanza kazi 1939. Nikampelekea Citoyenne Honorine, karani wa kamati ambaye bado hajachagua jina jipya, kadi ile, na Papa Mwape akakaa kwenye benchi na kofia yake magotini.

Honorine aliisoma. Akaigeuza. Mimi sikuwa nimeigeuza. Nyuma imeandikwa: Amekufa, 1944.

Honorine akaniuliza kwa upole ni nani basi huyu aliyeketi kwenye benchi. Papa Mwape akajitazama mikono.

"Miye nilikufaka?" akauliza. "Na hakuna muntu aliniambia?"

Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Hapo nikaona haya, haya ya kweli, nikamweleza yote: makasi, gunia, tanuru. Hakunigombeza. Alivaa kofia akaenda zake, na mgongo wake ulikuwa umepinda kuliko asubuhi. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia, maana chumba changu kimo katika nyumba hiyohiyo. Mkewe, Mama Martine, alinipa bukari, ugali wetu, bila mboga, akanifungia mlango wa jikoni.

Nilirudi ofisini kabla hawajafunga. Nikabisha kwa Ngalula. Nilitazamia acheke, na nilikuwa nimeandaa jibu kali. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: Papa Mwape alifyatua kwa mashine au kwa mkono? Kwa mkono, nikasema. Akasimama, akaenda kwenye rafu zake za matofali.

Ijumaa, 8 Septemba

Furaha! Niandike kwa utaratibu.

Kumbe wafyatuaji wa zamani walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alibonyeza dole gumba katika udongo mbichi wa tofali moja la siku ile na kuchora namba yake kando, ili tofali likipasuka motoni ijulikane ni kazi ya nani. Ngalula ametunza tofali moja la kila mtu kwa kila mwaka. Yenye namba 2217 ni ishirini na mawili, tangu 1947 mpaka 1968! Tuliyapakia katika toroli. Niliyeisukuma ni mimi.

Mbele ya kamati Papa Mwape aliingiza dole gumba katika tofali la kwanza. Halikuingia. Akalisukuma. Wapi! Dole ni kubwa, shimo ni dogo. Honorine akaweka kalamu chini. Nikaanza kuhesabu ni rafiki gani wa mtaa wa Kamalondo ana nafasi sakafuni.

Papa Mwape ndiye aliyecheka.

"Tofari njo inapunguaka mu moto," aliwaambia. "Miye nilibakia inje."

Musonda akaitwa kutoka kwenye tanuru. Akathibitisha: udongo ukichomwa husinyaa, mtoto wa kambini anajua. Wakatazama tena, si ukubwa, bali kovu. Dole la Papa lina kovu lililopinda, na kovu hilohilo limo katika matofali yote ishirini na mawili. Ngalula akanyanyua eksirei dirishani: kifua, mbavu, namba 2217, mwaka 1949. Kisha akaweka kanda ya sherehe ya 1958. Tukasikia mtu akijitaja kuwa Mwape mfyatuaji, akikohoa, akicheka. Papa Mwape alicheka pamoja naye. Kicheko ni kilekile! Mama Martine alilia.

Kamati imetia muhuri. Wanabaki! Nami nabaki! Jamani, nimepumua. Nimekunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, vikombe vitatu, na nimemwomba Papa radhi mbele ya mkewe. Mboga imerudi kwenye sahani.

Jumatatu, 11 Septemba

Ngalula amefanywa mkuu. Nilidhani nitaumia, nikaona sikuumia sana. Citoyen Directeur alitaka kunifukuza, lakini Ngalula amemwambia anahitaji mtu wa kubeba matofali. Afadhali! Kazi ninayo, chumba ninacho, na kadi elfu tatu nitaziandika upya kwa kuzunguka kambi nzima nikiuliza majina.

Directeur ameguswa sana na habari ya Papa Mwape. Ameleta picha ya harusi yake itunzwe katika chumba cha nyuma. Alituambia ndiyo pekee iliyobaki, nyingine ziliungua zamani pamoja na nyumba ya mama yake. Ngalula ametoka kutafuta bahasha nzuri. Nimeachiwa picha.

Nimeitazama vizuri. Directeur amevaa tai. Na redio imesema juzi tu kwamba tai ni kamba ya mkoloni! Mtu mkubwa kama yeye, katika kumbukumbu za taifa, na tai? Watu watasemaje?

Wino mweusi ulikuwepo mezani. Tai imekwisha kabisa, haionekani. Wino umetambaa kidogo mpaka kwa bibi harusi, lakini macho yake bado yanaonekana, angalau moja. Ngalula huyo anarudi. Sitamwambia kitu. Safari hii sifa nitazipokea peke yangu.